Kaka, Wanataka Kuifuta Akaunti Yako

Kaka Eliamani,

Shikamoo. Marahaba yake nitaisubiri, kusubiri nimeshazoea. Barua hii naiandika hadharani, mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma, kwa sababu njia za faragha za kukufikia zimeniishia. Namba yako ya simu ilipokaa muda mrefu bila kutumika, waliichukua wakampa mtu mwingine. Siku moja niliipiga, akapokea mama mmoja wa Kahama aliyekuwa anakaanga samaki, nasikia mafuta yanavyochachatika. "Mnampigia wengi huyo kaka yenu," akaniambia. "Akipatikana mwambie namba yake ninaitunza vizuri." Tulicheka wote wawili. Nilipokata simu nililia.

Ikabaki barua pepe, na sasa hiyo nayo imeandikiwa tarehe ya kufutwa.

Unaikumbuka siku tuliyoifungua? Tulishuka Same siku ya gulio na magunia mawili ya tangawizi, tukaenda stesheneri ya Dada Mwanaidi nyuma ya stendi, maana ulikuwa unaomba kazi na fomu ilidai anwani ya barua pepe. Ukaandika jina lako, mashine ikakataa. Eliamani alikuwepo tayari duniani, na siye wewe. Ulighadhibika kama mtu aliyeng'olewa alama ya mpaka wa shamba. "Huyu tutakutana baraza la kata," ukasema, na Mwanaidi akacheka mpaka ushungi ukamvuka. "Nyie Wapare! Hata na kompyuta mna kesi?" Mwishowe ukaongeza Mhezi, kijiji chetu, mbele ya jina, mashine ikakubali, ukatembea stendi nzima na kifua mbele kana kwamba umeshinda rufaa.

Kabla hatujaondoka mashine ilikuuliza anwani ya mtu wa kupelekewa taarifa endapo utasahau neno la siri. Ukanilazimisha nami nifungue yangu, ukaniandika mimi, nami nikakuandika wewe. Ukasema sasa tumedhaminiana. Kisha, tukiwa kwenye viti viwili vilivyogusana, ukanitumia barua pepe ya kwanza maishani mwangu. "Mdogo wangu, hujambo? Mimi sijambo. Unanikanyaga mguu." Ninayo mpaka leo.

Ndiyo maana taarifa ilikuja kwangu, mdhamini wako. Ilinikuta kwenye kile kilima nyuma ya kanisa, ambako mtandao unakamata, nami nilikuwa nimepanda kukuandikia wewe. Ilikuwa ya Kiingereza cha watu wenye haraka. Kesho yake nikashuka Same, Mwanaidi akavaa miwani akanisomea: akaunti hii haijaingiwa na mtu kwa karibu miaka miwili. Mwenyewe asipoingia kabla ya mwisho wa mwezi, itafutwa pamoja na vyote vilivyomo.

Mwanaidi alidhani nimeshtushwa na kufutwa. Mimi nilishtushwa na ile miaka miwili. Tangu ulipovuka kwenda machimboni Msumbiji ulikuwa ukijibu, mistari miwili, mitatu, halafu ukanyamaza. Nami nikaendelea kuandika kila mwezi. Hakuna barua iliyorudi, kwa hiyo nilijua zinafika, na kama zinafika basi unazisoma, na kama unazisoma basi unaninunia. Ninunie tu, nilikuwa nasema, wewe na kichwa chako kigumu. Mtu anayenuna yu hai, kaka. Nilikuwa nimeukalia huo mnuno wako kama kigoda, na siku ile Mwanaidi akakivuta.

"Lakini wenye mtandao wana haki yao," akasema, akinimiminia chai. Unamjua, hafichi maneno. "Umepewa bure, huji, hupigi hodi. Mashine zao zinakula umeme kwa ajili ya nani? Na akaunti iliyolala ndiyo wezi wanayoipenda. Juzi mteja wangu kaandikiwa na shemeji yake aliyezikwa mwaka juzi, eti anamwomba picha ya kitambulisho!"

"Kwa hiyo wafute?"

"Ningekuwa mimi ningefuta."

"Na kaka yangu?"

Alizungusha kijiko kwenye kikombe ambacho sukari ilikuwa imeshayeyuka.

Nilipompelekea baba habari hizo alikuwa jikoni anapepeta mahindi ya makande, kazi anayoifanya mwenyewe siku hizi. Utamfurahia, hajabadilika. Aliuliza kama hao wenye mtandao wana wakili Same. Nikamwambia hawana hata Dar es Salaam. Akauliza basi wanaitwaje shaurini. Nikamwambia, baba, hawaitwi, wao ndio wanaoita. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, maana kwake mtu asiyeweza kushtakiwa hajakamilika. Kisha akaweka ungo chini akafikiri.

"Wasemalo si la kipuuzi," akasema. "Hata ndiva isipotolewa tope haishiki maji. Na asiyekuja msaragambo kuchimba anapoteza zamu ya maji, hilo tumelikuta. Lakini ndugu yake akija akachimba kwa niaba yake, jina linabaki na zamu inabaki. Hao watu wako, wanaruhusu ndugu kuchimba?"

Umeondoka muda mrefu, labda hujui kwamba mimi ndiye ninayekuchimbia. Kila mwaka kabla ya mvua, watu wa bonde letu wanapotoka kwa msaragambo kuondoa tope kwenye bwawa la ndiva, mimi nafanya siku mbili: ya kwanza ya kwangu, ya pili yako. Katibu anasoma majina. Akifika "Eliamani!" naitikia mimi, "Yupo!" na wanaume wanacheka, lakini anatia alama. Maji yako yanafika kwenye migomba yako kila zamu ikifika. Ninayafungulia alfajiri, kizibo kikitoka nasikia ule mguno wa maji, na mara nyingine miguu inasahau umri wangu inataka kukimbia. Unakumbuka tulivyokuwa tukishindana na maji? Wewe ukingo wa kushoto, mimi wa kulia, tunateremka sambamba na mfereji, atakayefika shambani kabla ya maji kashinda. Ulinishinda siku zote. Siku moja nilianguka ndani ya mfereji, ukasimama, ukanivuta kwa kola ya gauni, ukaacha maji yatushinde wote wawili. Mama alituchapa wote wawili pia, wewe kwa kuniangusha, mimi kwa gauni. Ulikataa kesi hiyo mpaka ukubwani.

Nina hamu nawe, kaka. Nasema wazi, kwa kuwa nimechoka kuzungukazunguka. Natamani mtu wa kunibishia. Nikisema mvua itanyesha, hakuna anayesema hainyeshi.

Basi nikarudi Same kuchimba kwa niaba yako. Nilisitasita njia nzima, maana kuingia kwenye barua za mtu ni kuingia chumbani kwake na yeye hayupo, na wewe hata sanduku lako la nguo ulikuwa ukilifunga. Mwanaidi akanionyesha: bonyeza kwamba umesahau neno la siri, na namba itakuja kwa mdhamini. Namba ikaja kwenye simu yangu. Nikaiandika. Mwanaidi, Mungu ambariki, akasema anakwenda kununua maandazi, na maandazi yalikuwa mezani.

Ikafunguka.

Barua ambayo haijasomwa huandikwa kwa wino mzito, hilo wenye mtandao walilijua. Juu kabisa zilikuwa zangu, moja chini ya nyingine, zote nzito. Ile ya tangawizi kuoza kwa mvua. Ile ya bati jipya la kanisa. Ile ya kukuomba radhi, na ya pili ya kukuomba radhi, na ya tatu. Nikateremka nazo kwa kidole mpaka nikakuta mahali wino unapokuwa mwepesi. Hapo ndipo ulipoishia. Kuna barua moja ya mwisho uliyoifungua ukaisoma, na sikuwa na haja ya kuifungua ili nijue inasema nini.

Unajua inasema nini. Mama alikuwa anaumwa wiki ya sita, anakuulizia kila gari linaponguruma kwenye kona. Nilikuwa nimekuandikia mara tatu, hukujibu. Sikuwa nimelala. Nikapanda kilimani nikaandika kwa hasira: "Tumeshazoea kutokuwepo kwako. Usirudi." Nikaituma kabla hasira haijapoa, kwa kuwa barua pepe haina njia ya posta ambayo mtu anaweza kuikimbilia na kuizuia.

Mkono wangu ulikwenda pale pa kufutia, sikufichi. Nilikuwa ndani, mlango uko wazi, barua ile moja ningeiondoa na dunia isingejua. Wenye mtandao wanataka kufuta kila kitu, mimi nilitaka kufuta maneno manne. Lakini ulikwisha kuyasoma, kaka. Kuifuta kungenisafisha mimi tu. Nikatoa mkono. Sikugusa barua hata moja. Zile nzito nimeziacha nzito, ili ukiingia ujue hakuna aliyekutangulia kuzisoma. Nami nitaingia kila gulio, nitafungua na kufunga, ili waendelee kuhesabu kwamba yupo mtu.

Jioni baba aliniuliza swali moja. "Alisoma ile ya msiba?"

"Hakuisoma, baba."

Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Basi huko aliko," akasema, "mama yake bado yu hai." Na baada ya kitambo: "Mwache akae naye."

Nimemtii baba maisha yangu yote, hili limenishinda. Mama hayupo, kaka. Alifariki wiki tatu baada ya barua yangu ile, asubuhi, mikono yake ndani ya mikono yangu, na hakuwa na hasira na wewe hata chembe. Alisema ukija nikupe blanketi lake lile la sufu, kwa sababu wewe ndiye unayesikia baridi zaidi kati yetu. Tumemzika upande wa juu wa nyumba, panapoonekana bonde lote. Baba mdogo anasema wakati umefika na wewe tukuwekee matanga, watu wakae, jina lipumzike. Baba amekataa. Kikao kijacho cha ukoo atakataa tena, unamjua kwenye vikao, lakini anazeeka, na siku moja watamshinda kwa wingi wa kura.

Sijui kama upo. Nimeandika sentensi hiyo, na imeniuma. Kama yupo mtu aliyefanya kazi na Eliamani wa Mhezi, mrefu, ana kovu kidevuni, anabishana hata na redio, tafadhali amsomee hii kwa sauti. Wenye mtandao sitawalaumu. Walinipigia hodi, na wasingenipigia nisingejua ulipoishia kusoma. Ninachoomba kwao ni kile alichouliza baba: atakayekuja kuchimba kwa ajili ya nduguye aruhusiwe, na jina libaki.

Na kwako nina moja. Tangu utotoni nilikuwa nikikwambia usipande mti ule, unapanda. Nikikwambia usimjibu mwalimu, unamjibu. Nilikwambia usiende Msumbiji, ukaenda. Katika yote niliyowahi kukwambia, kaka, jambo moja tu ndilo ulilonisikiliza, nami nililisema kwa hasira. Usinitii. Nakuomba kwa jina la mama, nibishie hilo pia. Rudi.

Mdogo wako wa tumbo moja, na mdhamini wako,

Namkunda