Keki ya Reijo

Marjut, sikia ya leo.

Unajua hapa kiwandani anayeharibu karatasi huwaletea wenzake keki. Jana mwenzangu Reijo kanisimanga mbele ya zamu nzima: "Tuire, karatasi inajikunja kwako tu. Lete keki." Kwangu tu. Haya.

Leo asubuhi fundi kaifungua rola ya mpira inayoviringisha karatasi, kachomoa ncha ya kisu iliyovunjikia humo; ndiyo iliyokuwa ikikunja karatasi. Kumbe mtu alikatia karatasi juu ya rola, na sote tumekatazwa.

Nikamwomba fundi ile ncha, nikaificha mfukoni, nikaweka keki mezani.

"Reijo, tukatie kwa kisu chako."

Kakitoa huku anacheka. Hakina ncha.

Hakina ncha, Marjut.

Nikamwekea ile ncha kwenye sahani yake. "Kula taratibu usivunje jino. Keki ya kesho unaleta wewe."