Diski Mbili Kutoka kwa Peng

Jumanne, 5 Machi 2024

Diski ya zamani ya kompyuta yangu imeanza kugonga, dalili ya kufa. Ndani yake mna sauti za wazee mia moja na kumi na wawili wa mji mdogo wa Beipu, hapa Taiwan, wakisema Kihakka cha kale. Nilizirekodi mwenyewe, kwa miaka kumi na tisa. Wengi wao wamekwisha kufa. Nakala sina—mimi niliyefundisha tahadhari za maabarani maisha yangu yote!

Nitaunda seva ndogo ya nyumbani, kwa bajeti ya mstaafu. Kompyuta moja, na ndani yake mashine pepe kadhaa, kila moja ikijiona iko peke yake duniani, kama wapangaji wasiosalimiana. Mpangaji mmoja atakuwa ile programu kongwe inayosoma rekodi zangu. Kompyuta za siku hizi zimeikataa.

Jumatano, 6 Machi

Kwa Peng Shao-chi, hapa hapa Hsinchu. Nilimfundisha fizikia; sasa ana duka la vifaa. Prosesa: ameshauri ya kizazi cha nyuma, yenye viini vingi. Sawa. Memori: nimetaka ile inayojisahihisha makosa. Akacheka. "Mwalimu, hata memori unaisahihisha?"

Kisha akang'ang'ania nichukue kwake kasha la kompyuta na diski mbili. Mpya kabisa, eti hazijawahi kuonja umeme. Nusu ya bei ya soko! Kwa nini?

"Bei ya Mwalimu hiyo."

Hakunitazama usoni.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekagua. Kila diski huhesabu saa ilizofanya kazi. Hizi zote zinasoma sifuri. Safi mno—hesabu hiyo hurudishwa nyuma, kama mita ya gari kuukuu. Nikachukua lenzi. Diski moja ina mikwaruzo kwenye meno ya plagi, alama ya kuchomekwa. Ya pili haina hata alama.

Kisha nikafungua kasha. Nyuma ya feni—pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, imebandikwa kwa gundi! Fundi gani kwetu hajui? Seva huwekewa pakiti ya kijani ili itii. Ya njano au nyekundu, balaa. Lakini nani huiwekea pakiti mashine ambayo haijawahi kufanya kazi? Na muda wake uliisha Agosti 2021.

"Hazijawahi kuonja umeme!"

Nimemwonyesha mke wangu, Chiu-hsiang. Akauliza kama nimempigia Peng. Nikasema siwezi kumwita mwanafunzi wangu mwongo.

"Basi mpigie umwite kijana mzuri, uone atajibu nini."

Jumapili, 10 Machi

Nimempigia. Kwa kuzunguka, kama inavyostahili. Nikasifu kasha, nikasema linanukia nazi. Akasema mzigo ulikuja hivyo. Kutoka wapi? Eti ana mteja. Akakata.

Yule aliyekuwa akiniuliza maswali mpaka kengele inalia na kupita!

Nitarudisha kila kitu Jumanne. Kesho duka halifunguliwi.

Jumatatu, 11 Machi

Saa tatu asubuhi diski ya zamani ilipotea kwenye skrini, ikarudi, ikapotea, ikarudi. Hakuna tena kesho. Diski zenye nafasi ya kutosha humu ndani ni zile mbili tu. Kunakili kwenye zote mbili kwa pamoja ndiko salama, lakini kebo nzima ninayo moja. Nimechagua isiyo na mikwaruzo. Mwenye akili angechagua ipi?

Asilimia ishirini. Naandika hapa ili mikono isiguse kitu.

Ujumbe wa Peng:

"Mwalimu, nisamehe. Nafunga duka kabisa. Kasha ni la seva yangu mwenyewe, na diski yenye mikwaruzo pia. Miaka mitano haijakosea hata mara moja. Hesabu ya saa niliifuta mimi. Ungejua ni yangu, usingeipokea. Ile nyingine niliinunua kwa mchuuzi, juma zima nimeifikiria. Siiamini. Usiweke kitu cha maana humo. Nakuja."

Nimesoma mara tatu.

Asilimia thelathini na moja. Nikisimamisha nihamishe kebo, diski ya zamani huenda isiamke tena. Nikiendelea, namkabidhi mgeni wazee wote.

Chiu-hsiang yuko mlangoni na chai. Anauliza mbona nimekaa kama aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Nimemwambia Peng yuko njiani.

"Umemwita kijana mzuri?"

Bado.

Asilimia thelathini na tatu.