Sampuli Namba Saba

Dada yangu,

Mimi sijambo sana. Ule mmea ulioniachia dirishani umetoa jani jipya. Birika limetoboka, kwa hiyo chai nachemshia kwenye sufuria, na kwa kikombe kimoja inatosha.

Uliniuliza kule maabara nafanya nini hasa. Nalisha seli za saratani ya shingo ya kizazi. Usinicheke, huwa nazisalimia, maana Jumapili sina mwingine wa kumsalimia. Zimepungukiwa na kitu kidogo mno kiitwacho mikroRNA, ambacho kwenye seli zenye afya hufanya kazi ya breki. Bila hicho zinazaliana ovyo na hazitaki kufa. Tukizirudishia, zinapunguza mwendo, kisha zinakufa zenyewe.

Tulihitaji sampuli za shingo ya kizazi za wanawake wasio wagonjwa ili tulinganishe, basi sisi wafanyakazi tukajitolea, kila mtu na namba, bila majina. Namba saba ikatoka imepungukiwa kama za wagonjwa. Mkuu wetu akasema, "Hiyo imeharibika, tupa." Nikaitupa, nikanawa mikono, nikarudi kulisha seli zangu. Sikumwambia kwamba saba ni mimi.

Mganga hajigangi, dada. Juzi nilikwenda hospitali, wakanikata kinyama cha kupima. Majibu ni Jumatano. Kwenye fomu, pale pa ndugu wa karibu, nimeandika jina lako bila kukuuliza.

Ukija, njoo na kikombe chako.

Ni mimi,
kitindamimba wenu