Namba Iliyo Kwenye Injini Yako

Roret, Jumapili baada ya kanisa

Mzee Kirui,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke na maneno. Ni miezi tisa tangu tukuzike pale upande wa chini wa shamba la chai, na kila asubuhi nafungua gereji yako kama mtu anayefungua duka la wenyewe. Wateja wanasimama mlangoni, wanachungulia ndani kwanza. Najua si mimi wanayemtafuta.

Sasa nikupe habari za pikapu yako. Usikasirike.

Pointi za distributa zimeisha, Mzee, na bila hizo plagi hazipati cheche. Zile nzuri hazipatikani tena, si Kericho, si Sotik. Zilizoko madukani ni bati tu. Unaweka leo, wiki ya pili zimeungua, na ukungu wa asubuhi ukiingia gari linakohoa na kuzima. Za kwako nimezisugua kwa msasa mpaka hakuna cha kusugua. Mwezi uliopita lori la kiwanda halikufika kwa sababu ya matope, nikabeba majani ya chai ya mkeo Mama Chebet na ya majirani wanne. Pikapu ikazima kwenye mlima. Tulipofika kiwandani majani yalikuwa yameshika joto ndani ya magunia, yamekuwa mekundu. Yakakataliwa yote. Mama alijifunga leso upya, akarudi nyumbani kwa miguu. Afadhali angenitukana.

Siku hiyo nilikwenda kumwona nyapara wangu wa zamani kule kwenye mashamba ya kampuni. Akasema nafasi ya kuchuma ipo, nyumba ipo, nianze mwisho wa mwezi. Nikakubali. Niliamua nitengeneze pikapu ya Mama mara ya mwisho, niitie distributa ya elektroniki isiyo na pointi, nimrudishie ufunguo wa gereji, niondoke.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuzitambua distributa. Mteja akija na kitabu cha gari mkononi, anakutajia mwaka na modeli, ulikuwa unamkatiza, na ile b yako inayogeuka p: "Weka hiyo kitapu, fungua ponet." Unatoa kifuniko cha distributa. Ukiona pointi na kondensa, ni ya zamani. Ukiona kigurudumu chenye meno, ni ya elektroniki. Unazungusha injini kidogo uone rota inaelekea upande gani, halafu unaichomoa distributa yenyewe kutazama mwisho wa shafti, kama una gia au una ulimi. Ulisema pikapu za huku zimebadilishwa injini kuliko wenyewe wanavyojua, na hakuna anayeandikisha. Gari za watu wote nilizikagua hivyo. Ya kwako ningeikagua nini, na wewe ulijisifu soko zima kwamba injini ni ile ile gari lilizaliwa nayo?

Basi nikachukua kitabu kwa Mama, nikaenda Kericho, nikatafuta distributa ya injini iliyoandikwa mle. Nikarudi nayo nikipiga mluzi. Nikaweka alama mahali rota ilipotazama, nikachomoa ya zamani, nikaingiza mpya. Ikagoma. Nikaigeuza, ikagoma. Nikazilaza zote mbili kwenye benchi: ya kwako ina ulimi mwishoni, niliyoleta ina gia. Nilimlaani yule muuzaji wa Kericho, maskini, kumbe hana kosa. Ndipo nikachukua kitambaa na petroli, nikafuta ubavu wa injini mpaka namba ikatokea. Haikuwa namba ya kwenye kitabu. Hata haikuikaribia.

Nilimkuta Mama jikoni akisafisha kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Nikamuuliza injini ilibadilishwa lini. Alikipindua kibuyu, akasema, "Si ni ile wiki ulienda kuzika baba yako."

Nilikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Maana wiki hiyo naikumbuka, Mzee. Nilikuwa na miezi mitatu tu kwako, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa chai. Ulikuwa umekwenda harusi Ndanai. Nikataka kukufurahisha, nikalegeza distributa na kuizungusha mbele ili cheche iwahi, gari liwe na nguvu, nikapanda nalo mlima likiwa limejaa magunia. Injini iligonga njia nzima, na mimi nikadhani ule mlio ndio nguvu yenyewe. Karibu na kileleni ikatoa moshi, ikanyamaza. Siku hiyo hiyo nikaletewa habari za baba, nikaondoka kwenda Kisii bila kukutazama usoni. Niliporudi gari lilikuwa linanguruma vizuri. Ukaniambia bila kuinua kichwa, "Ilikuwa plagi tu." Nikakuamini, kwa sababu nilitaka sana kukuamini.

Mama alinimalizia hadithi. Pistoni ilitoboka shimo la kupitisha kidole. Ukamtoa yule mtamba mweusi aliyebakiza mwezi mmoja azae, ukampeleka kwa mtu mwenye pikapu iliyoanguka, ukarudi na injini. Uliifunga peke yako, siku nne, kwenye mvua. Na ukamkataza kusema. Mama akaniambia: "Alisema ukijua, utarudi kwa majani siku hiyo hiyo. Akasema huyo mtu iko na mkono mzuri, nisikuambie."

Nilikukasirikia, sitakuficha. Siku tatu sikufungua gereji. Miaka saba umenibebea kosa langu, na kila ulipojisifu sokoni kumbe ulikuwa unanifunika mimi. Ungeniambia, Mzee. Ningelia, ningeona aibu, lakini ningekushukuru ukiwa unasikia. Sasa namshukuru nani? Karatasi?

Siku ya nne nilirudi Kericho nikabadilishiwa, nikapewa yenye ulimi. Iliingia bila kusukumwa. Nikavuta waya mpya kutoka kwenye swichi, maana hizi zinataka umeme kamili, nikapaka kifuniko mafuta ya kukamulia ng'ombe ili ukungu usiingie. Taiming, yaani wakati wa cheche, niliipima kwa taa, mara tatu. Kisha tukapanda ule mlima, Mama amekaa mbele, magunia nyuma, nami jasho linanitoka kwa kusikiliza. Injini haikugonga. Majani yalipokelewa.

Nyapara nimemwambia nafasi ampe mwingine.

Bado nimechoka. Sitaki udhani nimepona. Lakini jana sokoni walianza tena hadithi ya injini ya Mzee Kirui, ile iliyozaliwa na gari, nikawaambia hapana, ile ya kwanza niliiua mimi. Mmoja akauliza kama bado anaweza kuniachia gari lake. Nikamwambia alilete, asimame karibu, atazame kila ninachofanya. Atalileta kesho.

Kwaheri, Mzee. Mama nitamwangalia, majani yake hayatalala tena njiani. Na nakuahidi jambo moja ambalo najua hutalipenda: mtu nitakayemfundisha akiharibu, nitamwambia machoni kwamba ameharibu. Halafu nitavua koti, nitaingia chini ya gari pamoja naye.

Momanyi