Nimekata Mpaka Nikitafuta Picha

Rau, Jumamosi ya masika

Mvua tangu alfajiri, na mimi nimenuna tangu alfajiri. Naandika nimevaa soksi za kaka yangu kwa sababu zangu zote ni tope, na kamera nimeifukia kwenye ndoo ya mchele ikauke. Mama kaniuliza nimekumbwa na nini. Nimemwambia nimechoka. Uongo. Nina hasira, na mtu wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nianze na picha, maana ndiyo iliyoniponza.

Mnaosoma hapa kazi yangu mnaijua: picha za pasipoti, kipaimara, sendofu. Bibi harusi akiinamisha shingo, nabonyeza. Siidharau, inanilisha. Lakini kuna picha moja ninayoitaka iwe yangu, ambayo hakuna mtu kaniagiza wala kanipangia wa kusimama mbele. Ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wakati wa masika, theluji ikiwa imeshuka chini kabisa, na korongo lililo chini ya kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo huko Old Moshi, limejaa ukungu. Kila masika naipandia. Kila masika mlima unajifunika gubigubi. Mlima huu una maringo jamani!

Kihamba kinatunzwa na baba mdogo Ndesario, mdogo wake marehemu baba. Leo asubuhi alinipa panga la kufyekea njia, akanionya kuhusu utelezi. Mama mdogo alitaka ninywe mtori kwanza. Nikakataa, eti mwanga haungoji mtori. Mwanga wenyewe ulikuwa wapi? Nimesimama ukingoni mwa korongo nimeifunika kamera kwa mfuko wa mkate, maji yananiingia shingoni, natukana kimoyomoyo.

Halafu mawingu yakapasuka.

Sikuamini. Weupe ule, juu kuliko unavyodhani utaukuta. Nikainama kwenye kamera, nikakuta majani marefu ya masale yanapigwa na upepo mbele ya lenzi. Kusogea siwezi: nyuma mgomba, kushoto shimo. Na panga ninalo mkononi.

Isale najua ni nini. Mtoto yeyote wa Kichagga anajua. Ndiyo mmea wetu wa mpaka, na jani lake ndilo unalobeba ukienda kuomba msamaha. Lakini nilijiambia, aah, mashina matatu tu, yatachipua. Nikayafyeka. Nikainama tena, lenzi imeweka ukungu. Nikaifuta kwa khanga, nikainua macho.

Mlima umeshafunga.

Sikupata hata picha moja. Hata mbovu!

Bado nimeduwaa, akatokea Bibi Aikande, jirani, ana mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Aliangalia yale masale chini, akaangalia panga. Panga la baba mdogo lina mpini wa bluu, kila mtu mtaani analijua.

"Ndesario amekutuma?" akauliza.

Nikasema hapana bibi, ni picha tu. Akacheka kwa puani. "Krismasi tumekula nyama pamoja hapa. Leo anatuma mtoto wa mjini aje kukata mpaka mvua ikinyesha, ili tusione." Akashika njia yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Krismasi mimi sikupanda nyumbani, nilikuwa kwenye harusi za watu. Nilisikia tu juu juu kwamba wamepatana. Ugomvi wa mpaka ule nimekua nao: nyumba mbili zinachekeana kanisani, zikirudi hazipeani hata moto. Kumbe ukoo ulikaa, wakala, wakanywa mbege ya kupatana, na baba mdogo na Bibi Aikande wakayapanda yale masale pamoja, kwa mikono yao. Yaleyale.

Nilipomwambia baba mdogo, hakupaza sauti. Afadhali angenifokea. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akasema, "Manka, umenirudisha kulekule." Nikamwomba twende wote tukamweleze. Akakataa. Aliyekata ndiye anayebeba.

Mama mdogo alinichumia jani la isale nyuma ya nyumba, nikaenda peke yangu. Nilijiona mjinga kupita kiasi: mtu mzima, nimelowa chapachapa, nashika jani kwa mikono miwili. Bibi Aikande alikuwa anakamua. Hakugeuka. Aliniacha nje ya banda mvuani mpaka ng'ombe akamaliza, kisha akanawa, akafuta mikono, akalipokea. Isale halikataliwi. Akalichomeka juu ya mlango.

Nikadhani yameisha. Nikaanza kushukuru.

"Isale nimelipokea kwa sababu ni isale," akasema. "Wewe bado sijakupokea. Nenda kapande ulivyokata. Vikishika, tutaongea. Vikinyauka, mwambie Ndesario aite tena ukoo."

Nimepanda. Nimechimba kwa lile lile panga, nikashindilia tope kwa visigino, huku Bibi Aikande anatazama kutoka upande wake na baba mdogo kutoka upande wake. Hawakusemeshana. Jana walikuwa wanasemeshana. Vipande vyangu vimesimama kama vijiti vya kuegemezea maharage, vimelegea, havina hata aibu. Sina hakika nimevipanda pale pale. Nadhani ndiyo. Sijui.

Kinachoniuma siyo picha. Basi, na picha pia inaniuma, nisijitie utakatifu. Lakini wazee wale walihitaji miaka yote ile kufika kwenye meza moja, na mimi nimekuja na haraka zangu za mjini nikaona kinachonizibia tu. Nimezoea kumwambia kila mtu asogee kidogo, inua kidevu, toa huo mkoba. Nikadhani na mpaka nao unaambiwa usogee.

Jioni hii kundi letu la wapiga picha kwenye simu linashangilia. Wanasema mawingu yanaondoka, kesho mlima utatoka wote, jua kali juma zima. Mmoja kaniandikia, "Manka, kesho ndiyo siku yako, usilale."

Nimetoka barazani kuangalia. Kweli, mvua imepungua, upande wa juu kumeanza kuwa kweupe.

Masale yaliyokatwa yanashika ardhi ikilowa. Ardhi ikikauka sasa hivi, yanakufa.

Ee Mungu, usiufungue huo mlima. Nyesha tu.