Jani la Isale kwa Aristides

Kilema, Moshi
14 Agosti 1999

Mpendwa mwanangu Aristides,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako naipokea hata kama hujaiandika. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo limezeeka kabla yangu. Je, wewe, mkeo Hilda na watoto hamjambo? Safari hii siulizi kwa mazoea. Nauliza kwa hofu.

Mvua ilikuwa nzuri na migomba imeshiba. Kahawa ndiyo imetutupa. Tangu soko liachiwe huru wanunuzi ni wengi, na kila mmoja bei yake ni mbaya kuliko ya mwenzake. Jirani yetu Elifuraha ameng'oa mibuni, kapanda nyanya.

Kanda yako ilifika. Mwanangu Fabian aliionyesha kwenye banda lake la video Kiboriloni, watu wakajaa kumtazama Mchagga anayecheza mpira wenye umbo la yai huko Australia. Niliuona ubeki wako wote. Unarudi nyuma mbio, macho juu kwenye mpira, na anayekuja kukugonga humwoni. Mara ukapigwa kichwani, ukaanguka kama gunia. Ulipoinuka ukaenda kusimama na wapinzani. Banda zima likacheka, ila mimi nilishindwa. Nikajipa moyo kwamba hayo yamepita, maadamu umestaafu.

Halafu Jumapili ukapiga simu dukani kwa Fabian. "Mama mdogo, mbona mama haji kwenye simu?" Nilidhani ni utani wako. Ukauliza tena kwa hasira. Nikashikwa na woga, nikajibu yuko kihambani, shambani pale nyumbani. Ukasema, "Haya, mwambie mwezi ujao nacheza tena, kuna mechi ya wastaafu."

Aristides, dada Bernadetha kweli yuko kihambani, katikati ya migomba, kwa sababu tulimzika hapo mwaka jana. Ulikuja, ukatupa udongo wa kwanza. Naogopa sana, mwanangu.

Fabian anasema ni uchovu tu. Alisema hivyo hivyo kuhusu ng'ombe wetu, na tukaishia kumla. Nenda kwa daktari wa kichwa, na Hilda aende nawe, aeleze yale usiyoyakumbuka. Na hiyo mechi usicheze.

Binti yangu Victoria na babu yako Basili wanakusalimu. Basili anasali rozari kwa ajili yako kila jioni, ingawa sijathubutu kumwambia kwa nini. Bikira Maria akufunike kwa vazi lake, wewe na nyumba yako.

Nakujua kwa ubishi, ndiyo maana nimeweka jani la isale ndani ya bahasha. Mchagga akiombwa jambo kwa isale, hakatai. Nimelichuma kaburini kwa mama yako, kwenye mche ulioupanda kwa mikono yako. Safari hii anayekuomba si mimi peke yangu.

Ni mimi nikupendaye na kukuhofia,
Mama yako mdogo,
Margareta