Kitangi cha Nabalayo

Jumatatu, 10 Februari 2025

Joto! Sisi wa ghorofa ya juu hapa Kayole, dari yetu ni mabati. Kompyuta ya Nabalayo imezimika tena katikati ya mchezo. Kadi inayochora picha imefika digrii tisini, na feni zinameza vumbi tu. Jumamosi saa tisa ana mechi ya mchujo. Akishinda, timu ya michezo ya kompyuta inamwajiri. Mshahara kwa kucheza! Mwaka jana nilimcheka binti yangu. Sicheki tena, nimemwona anavyocheza.

Sasa anataka kuipoza kadi kwa maji. Maji na umeme! Nimemuuliza kama amerogwa.

Jumatano, 12 Februari

Nimefunga kibanda cha mboga, nikamsindikiza Eastleigh kwa Awale, muuza vipuri. Awale alisifia mtambo uliofungwa kiwandani: unaweka, unasahau. Nabalayo akauliza, na pampu ikifa? Unatupa wote, unanunua mwingine. Basi akakataa. Akachagua wa kuunga mwenyewe — kitangi, pampu, mipira ya kupitisha maji, rejeta ndogo ya kuyapoza kama ya gari, na bamba la shaba la kulalia juu ya kadi. "Kitu siwezi kufungua si changu, Mum."

Halafu akatoa karatasi. Kumbe alishachora matundu yote ya skrubu za kadi yake! Akapima bamba moja baada ya jingine, la tatu likaingia sawasawa. Awale akaniuliza kama huyu fundi nimemzaa mimi. Nikasema ndiyo, kwa sauti. Kichwa kilinivimba mpaka nyumbani.

Alhamisi, 13 Februari

Ameunga. Kwanza aliwasha pampu peke yake, tishu chini ya kila kiungo, saa nzima. Hata tone! Ndipo akawasha kompyuta. Digrii hamsini na nane. Niliweka kiti nikatazama maji yakizunguka. Mboga zikanisubiri.

Ijumaa, 14 Februari

Maji ya kitangi yameshuka chini ya mstari aliouchora Nabalayo kwa kalamu. Yeye alikuwa ametoka. Nimefungua kifuniko, nikaongeza nusu kikombe kutoka mtungini. Jambo dogo. Sijamwambia.

Jumamosi, 15 Februari

Saa sita. Digrii themanini na nne! Nabalayo amekagua pampu, amekagua feni, haoni kosa. Anasema hata maji ni yale maalumu ya dukani, yasiyo na chumvi wala uchafu.

Mtungi wetu ni wa maji ya kisima, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Na jana nilichota ya chini kabisa, penye mchanga. Maji yakimwagika hayazoleki — nikasema yote. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakufoka. Akazima kompyuta. "Mum, shika beseni."

Amefungua kila kiungo. Ndani ya bamba mna vijia vyembamba kama meno ya kitana, vimejaa mchanga wangu. Akavisugua kwa mswaki, polepole, na mechi inakuja! Mimi ningeshalia. Mtambo wa Awale nisingeweza kuutia maji, kweli. Lakini huu unafunguka.

Saa tisa kasorobo. Amemimina chupa yake ya mwisho ya maji ya dukani. Tishu ziko chini ya viungo, ila saa nzima ya kungoja hatuna. Mtungi nimeutoa nje.

Ameniweka hapa kando ya kitangi. Nisome joto kwa sauti, niguse tishu; yeye hawezi kuondoa macho kwenye mchezo. Mimi! Baada ya nilichofanya!

Nasoma huku naandika. Sitini. Sitini na moja. "Sawa, Mum," bila kugeuka. Vidole vyake vina kasi, havionekani vikigusa vitufe. Mechi imeanza.

Tishu ya kiungo cha pili ina doa. Naigusa. Kidole kikavu, basi hapavuji. Nasema sitini na mbili, na sauti yangu haitetemeki.